Ukuta Uliomtoa Kwenye Orodha ya Maskini

Mimi ndiye niliyeandika kwamba mtu yule si maskini. Sikudanganya, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Katika fomu zote nilizojaza za ile bima ya afya ya serikali sikudanganya popote isipokuwa kwenye mstari mmoja, na huo mstari nitaufikia.

Mtu mwenyewe ni msukuma chukudu wa Majengo, mtaa wa hapa Goma, upande wa juu, karibu na njia ya kwenda Munigi. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala injini. Injini ni goti la mwenye nacho. Mimi na yeye ni rika moja, ila yeye anaonekana kama baba yangu mdogo, kwa sababu amebeba viazi, makaa na saruji miaka yote ambayo mimi nilikuwa nikibeba maoni.

Siku mlima ulipopasuka mara ya kwanza tukiwa watu wazima, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na volkano haikuwaomba ruhusa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu muda si mrefu, na maboksi matatu ya vitabu. Mama yangu alikuwa na magoti mabovu. Rafiki yangu huyo alikuwa ameng'oa mabati yote ya nyumba yake na kuyafunga juu ya chukudu. Alipopita mbele ya mlango wetu alimkuta mama ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya barabara, na mimi kando yake nimekumbatia boksi. Alikata kamba, akashusha mabati, akampakia mama, akamsukuma hadi kwenye njia ya Sake. Nyumba yake ikaungua, na mabati yakameng'enywa na lava palepale alipoyashusha. Maboksi yangu mawili pia yakaungua. La tatu nilitembea nalo mchana kutwa, na nilipolifungua nikakuta ni sarufi ya Kilatini.

Tuliporudi, kiwanja chake kilikuwa jiwe moja kubwa jeusi, bado la moto kwa chini. Alilivunja kwa nyundo na mtarimbo. Yeyote aliyejenga upya Goma anaijua kazi hiyo: kabla ya kupata mahali pa kulaza godoro, lazima uyaondoe mawe. Mwenye uwezo hukodi lori. Asiye na uwezo huyapanga pembeni mwa kiwanja, moja juu ya lingine, bila saruji, na baada ya mwaka anajikuta ana ukuta. Ndiyo maana katika mji wetu, kadiri mtu alivyo maskini ndivyo ukuta wake ulivyo mrefu. Jambo hilo analijua kila mtoto wa Majengo. Katika mji mkuu, ambako fomu zinaandikwa, hakuna anayelijua.

Baada ya mlima kupasuka tena, miaka mingi baadaye, serikali ilituletea bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini. Nakiri kwamba lilikuwa jambo zuri. Maskini alipewa kadi ya kijani, na kwa kadi hiyo alitibiwa bila kulipa. Rafiki yangu aliipata. Wakati huo ngiri ilikuwa imemshuka, uvimbe wa saizi ya limau kwenye kinena, na akisukuma mzigo alikuwa akiushikilia kwa mkono mmoja kama mtu anayelinda pochi sokoni. Daktari alimpangia siku ya upasuaji. Alimwambia waziwazi kwamba asipopasuliwa, siku moja utumbo utabanwa pale, na hiyo siku hatakuwa na muda wa kutafuta karatasi.

Kabla ya siku ya upasuaji kufika, ilijulikana kwamba kadi nyingine zimekwenda kwa wajomba wa wakubwa na kwa wake wa wajomba. Hiyo nayo ni kweli. Basi mji mkuu ukaamuru tathmini: kila nyumba yenye kadi ipitiwe upya, na mpaka matokeo yatoke kadi zote zisimame. Wakatafuta watathmini wenye elimu. Mimi ninaandika insha zinazosomwa na watu wachache sana, wengi wao ndugu zangu, kwa hiyo nilikuwa na nafasi.

Tulifundishwa siku mbili katika ukumbi wa hoteli kando ya ziwa. Mwalimu wetu alitoka mji mkuu, amevaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga lava. Alitugawia simu kubwa yenye maswali, yale ambayo watu wetu waliyaita fishi. Kila jibu lilikuwa na alama, na alama zikizidi, mtu anatoka kwenye orodha. Tulibishana saa nzima juu ya chukudu, maana fishi ilikuwa na gari, pikipiki na baiskeli tu. Akaamua: ina magurudumu mawili, basi ni baiskeli.

Ndipo mwenzetu mmoja, mama aliyekuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, akanyoosha mkono.

"Papa, hapa kwa ukuta. Mumeandika: mawe, matofali, hakuna. Huku kwetu mawe ni takataka. Mutu anaisukumia tu pembeni."

"Mama," alijibu yule bwana kwa upole, "kazi yenu si kutafsiri. Kazi yenu ni kuhesabu."

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari chini, mara mbili. Yalinipendeza. Kwa mara ya kwanza maishani niliombwa nisiwe na maoni, na niliona ni pumziko.

Nilipofika kwake alikuwa ameketi juu ya chukudu yake, uani, anapaka mafuta ya mawese kwenye ekseli.

"Papa, karibu," alisema. "Leo unakuya sawa mutu ya serikali, ao sawa mutoto ya mama yako?"

"Leo niko mutu ya serikali."

"Basi kaa kwa ile kiti ya muzuri."

Mke wake alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni. Ni mwanamke mwembamba kutoka Masisi, mwenye ulimi ambao nimeuogopa tangu arusi yao.

"Serikali inakunywaka chai?" aliuliza.

"Inakunywaka, mama."

"Nitakupa bila sukari. Sukari ni ya batu."

Tulicheka wote watatu. Swali la kwanza lilikuwa langu, si lake, nami nililijibu kimya, kwa kidole kimoja. Kisha tukaendelea. Paa? Mabati. Sakafu? Udongo. Maji? Ya kuchota. Chombo cha usafiri? Aligonga chukudu kwa kiganja, nikabonyeza baiskeli. Ukuta?

Aligeuka akautazama, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayeulizwa habari za mwanawe. Ulikuwa mrefu kunipita, mweusi, umenyooka, hauna hata tone la saruji.

"Ile ukuta njo nyumba yangu ya zamani," alisema. "Moto ilikula nyumba, mimi nikavunja moto, nikaipanga pale. Angalia ile kona. Hata mutoto akiipanda, haianguki."

"Ni muzuri," nilisema, nikabonyeza mawe.

Nilijua. Sitaki mtu anitetee hapa kwamba nilikuwa nafuata maagizo. Nilizaliwa katika mji huu, nimeupanda na kuuruka ukuta wa namna ile tangu nikiwa na kaptula, na nilijua jiwe lile limetoka wapi na kwa jasho la nani. Lakini nilikuwa nimechoka na vyeti vya uongo vya wajomba wa wakubwa, nami nilitaka, katika Goma nzima, awepo mtu mmoja asiyepindisha fomu hata kwa rafiki. Nilitaka huyo mtu awe mimi. Nilikunywa chai isiyo na sukari, nikaaga, nikaenda nyumba inayofuata nikijisikia msafi.

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Hakuwemo. Katika avenyu yao nzima, karibu kila aliyeweza kusimamisha ukuta kwa mikono yake hakuwemo. Wajomba wa wakubwa walibaki. Wao wanaishi nyumba za kupanga, zisizo na ukuta wa kwao.

Alikuja kwangu siku hiyohiyo, polepole, mkono kinenani. Mke wake alimtangulia.

"Huyu hajui kusoma," alisema, bado amesimama. "Wewe unajua. Utuambie basi. Tumekuwa matajiri tangu siku gani? Niende kununua friji?"

"Wacha, mama," alisema mumewe. "Mashine imekosea. Papa ataenda kuiambia."

Hasira yangu ilianza hapo, na bado haijapoa. Niliwakasirikia watu waliokaa chini ya kiyoyozi wakaamua umaskini unafananaje bila kutoka nje kuutazama. Niliikasirikia serikali ambayo haikumwondolea hata jiwe moja, kisha ikaja kumhesabia mawe hayo kama mali. Na kulikuwa na yule mtu wa mstari wa mbele mwenye kalamu yake, lakini huyo nilimwacha mwisho, kama tunavyofanya sote.

Ofisi ya bima ilikuwa na kijana wa mezani mwenye adabu nyingi.

"Mashine njo inahesabu, muzee," aliniambia. Neno muzee lilinichoma kidogo, lakini halikuwa shida ya siku hiyo.

"Haiwezi kuhesabu tena?"

"Inaweza, kama hali ya nyumba imebadilika. Nyumba ikiungua, mutu akifa, kitu sawa ile."

"Hamuwezi kumpasua kwanza, halafu muhesabu?"

"Muzee, bila alama mupya, mashine haifungui dosie, ile faili yake."

"Na ukuta ukianguka?"

Alifungua kitabu cha mwongozo, akapitisha kidole ukurasa mzima, kwa bidii, kama mwanafunzi mwema.

"Ukuta... Ndiyo. Ukuta ikianguka, ni mabadiliko."

Nilirudi Majengo nikawasimulia kwa kicheko cha uchungu, kile kicheko cha watu waliosoma, ambacho huisha chenyewe bila kufanya kazi yoyote. Mke wake hakucheka.

"Kwa hiyo ukuta ianguke."

"Mama, nilikuwa nasema tu."

"Wewe unasemaka tu. Kesho ni siku gani?"

"Jumamosi," alisema mumewe. "Salongo."

Salongo ni kazi ya pamoja. Jumamosi asubuhi maduka hufungwa na kila mtu hutoka kufagia mbele ya kwake na kuzibua mifereji. Jumamosi ile avenyu yao haikuzibua mfereji. Nilipofika, kuta tano zilikuwa zikivunjwa kwa mpigo, jiwe baada ya jiwe, zikitupwa kwenye korongo nyuma ya vyoo. Watu walipeana mawe mkono kwa mkono kama ndoo za maji wakati wa moto. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa huo, alikuja na firimbi yake kuuliza nani ametoa ruhusa.

"Serikali," alijibu mke wa rafiki yangu. "Na shefu leo anabeba jiwe, ao anabeba firimbi?"

Shefu naye alikuwa na ukuta, na kadi iliyosimama. Alitia firimbi mfukoni.

Rafiki yangu alikatazwa kuinua kitu chochote. Aliketi juu ya chukudu yake, ameshikilia kinena, anatoa maelekezo.

"Polepole kwa ile kona. Ile kona niliifanya wiki mbili."

"Unataka tuibomoe bila kuihuzunisha?" aliuliza jirani.

"Kumbe bumaskini ina kazi hivi," alisema, na akacheka mpaka ikabidi ajikunje. "Kujenga kulikuwa rahisi."

Mimi nilibeba. Mikono yangu ilikuwa haijawahi kuinua kitu kizito kuliko kamusi, na jiwe la lava lina meno. Hadi saa nne vidole vyote vilikuwa vinatoka damu. Hakuna aliyenihurumia, na hakuna aliyenikataza.

Jumatatu nilijaza fishi upya. Ukuta: hakuna. Simu ikajibu kwamba maombi yamepokelewa na kwamba tusubiri. Tukasubiri. Wiki hizo ndizo nilizoandika ripoti yangu ya mwisho, na aibu yangu ni kwamba niliiandika vizuri. Kuhusu kuta niliweka aya moja yenye heshima, karibu na mwisho. Kuhusu mpango mzima nilisema unawafikia walengwa kwa kiwango cha kuridhisha, kwa sababu ripoti iliyotangulia ilisema hivyo na mimi nilitaka kuitwa tena.

Kisha vita vikashuka kutoka Rutshuru. Kwanza tulisikia mizinga, halafu watu wakaanza kupita kwa njia ya Munigi, na magodoro kichwani na mbuzi kwenye kamba. Kiwanja kisicho na ukuta hakina namna ya kusema hapana. Uani kwa rafiki yangu kulijaa wageni na vibanda vyao vya shitingi, yale maturubai ya plastiki, na mke wake aliwapikia sombe huku akiwatukana kwa ajili ya mbuzi zao.

Rafiki yangu aliniapia kwamba hatagusa chukudu mpaka apasuliwe. Lakini asubuhi moja alikuta bibi mmoja ameketi kando ya barabara, na wajukuu zake wameshatangulia na umati. Bibi alikuwa hawezi kutembea. Alimpakia, na magunia yake mawili, akamsukuma hadi mtaa wa Mapendo kwa ndugu zake. Alirudi akitapika. Lile limau lilikuwa limekuwa gumu, jekundu, na halirudi ndani.

Nilikimbilia ofisi ya bima. Kufuli. Yule kijana wa adabu alikuwa ameondoka na boti ya Bukavu, pamoja na wakubwa wake na, nadhani, mashine. Mtandao ulikuwa umekatika. Tulimweka rafiki yangu kwenye chukudu yake mwenyewe, mimi na majirani wawili, na kwa mara ya kwanza nikajua jinsi chombo kile kinavyovuta mabega. Mke wake alitembea kando akimshika kichwa, hakunitazama.

Kwenye mlango wa hospitali kulikuwa na foleni mbili. Moja ya waliojeruhiwa na vita, hao waliingizwa bila swali. Nyingine ya sisi wengine, wenye kutafuta karatasi. Muuguzi mwenye aproni iliyolowa alikuja akasimama juu yetu.

"Huyu ni bomu, ao masasi?"

"Ni fishi," alisema mke wake.

Muuguzi hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Daktari aliyekuwa akipita alifunua shati, akaweka vidole viwili juu ya ule uvimbe, akasema neno moja kwa Kifaransa, na wakamwinua. Alipasuliwa kati ya askari mmoja na msichana mmoja aliyepigwa na kipande cha bomu. Hakuna aliyeuliza kadi. Hakuna aliyeuliza paa, sakafu wala ukuta. Nilisimama kwenye korido na ghadhabu yangu, kwa sababu ilikuwa imechukua dakika moja na vidole viwili, na kwa sababu ilibidi mji uanguke ndipo mtu atazamwe tumbo badala ya kiwanja.

Alipona. Walimkata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa. Laiti angepasuliwa siku yake, daktari alisema, ingekuwa kazi ndogo na angerudi kusukuma. Sasa hatasukuma tena. Chukudu amemuuzia kijana wa Munigi.

Mtandao ulirudi mji ukiwa na wakubwa wengine. Siku hiyohiyo simu yake ililia, akaniita nimsomee. Nilimkuta uani. Wageni walikuwa wameondoka, na wezi walikuwa wamekuja mara mbili. Mke wake alikuwa akiyapandisha mawe kutoka korongoni, moja moja, akianzisha upya msingi. Nilisoma. Hongera, kaya yako imethibitishwa kuwa yenye haki. Fika na ujumbe huu katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.

Rafiki yangu alisikiliza hadi mwisho.

"Na fishi yenyewe iko mu simu yako?"

"Iko."

"Unisomee yote. Toka mwanzo. Nataka kujua walikuwa wananiuliza nini."

Nilidhani nitaruka swali la kwanza, kama nilivyoacha kulisoma kwa sauti siku ile. Lakini mke wake alikuwa amesimama na jiwe mkononi, ananitazama. Nikasoma: Je, mtathmini ana undugu, urafiki au ujirani na kaya hii? Ikiwa ndiyo, simamisha; kaya itapewa mtathmini mwingine.

Mtathmini mwingine wa eneo lile alikuwa yule mwalimu mstaafu. Nilikuja kujua kwamba kwa kila ukuta usio na saruji aliandika hakuna, bila kumwomba mtu ruhusa. Nyumba zote alizozipitia zilibaki kwenye orodha. Nililisema hilo pia. Sikuona sababu ya kuishia katikati.

"Na wewe ulijibu nini pale?" aliuliza rafiki yangu.

"Nilijibu hapana."

Alikuwa akitazama ile kona ya zamani, ambapo palibaki shimo tu na nyasi kidogo.

"Basi ulikuwa mugeni," alisema.

Kisha akanyoosha kidole kwenye jiwe kubwa kuliko yote, lililokwama ukingoni mwa korongo, ambalo mke wake alikuwa ameshindwa kulitikisa.

"Mugeni, leta lile."